Ulimi Wako Si Maabara

Nianze na swali, na usijibu haraka. Ukishuku una mimba, unaingia chemisti, unatoa pesa ya sahani ya chapo na madondo, unapewa kijiti. Dakika tano unajua. Sasa niambie: ukishuku maji ya kisima cha ploti yenu, unaenda wapi?

Huendi popote. Unaonja.

Sisi tunaoishi nje ya kisiwa, Kisauni, Likoni na Changamwe, tuna maabara moja tu na ni ulimi. Maji tumeyagawa mafungu mawili: ya chumvi na matamu. Ya chumvi ya kufulia na kumwaga chooni, matamu ya kunywa na kupikia. Mwenye mkokoteni akipita na mitungi yake, swali ni lile lile: "Matamu haya?" Akisema matamu, biashara imekwisha. Hakuna wa kuuliza la pili.

Leo nimekuja kugombana na hilo swali, maana karibu litughulimu mtoto nyumbani kwetu.

Dada yangu alijifungua mwaka jana. Kazi yake ni kibarua, na kibarua hakina likizo ya uzazi. Mtoto wa miezi miwili akaachwa na mama, akawa anakunywa maziwa ya kopo. Maji ya kukorogea? Ya kisima cha ploti. Matamu, maangavu kama kioo, yamechemshwa vizuri. Mama si mjinga, anachemsha mpaka sufuria inalia.

Wakati huo mimi nilikuwa na mjomba wangu anayetunza bwawa la kuogelea la hoteli moja huku pwani ya kaskazini. Siku moja nikaenda kumpelekea simu, nikamkuta amechuchumaa na kichupa. Anachota maji ya bwawa, anatia tone mbili tatu, rangi inabadilika, analinganisha na kadi. Nikamuuliza, "Mjomba, wafanya hivi kila wiki?" Akacheka. "Kila siku, tena asubuhi kabla mgeni hajaamka."

Wallahi nilirudi nyumbani nimenyamaza. Maji ya mzungu kuchezea yanapimwa kila siku. Maji ya mtoto wa dada yangu kunywa hayajapimwa tangu kisima kichimbwe.

Nikatafuta vikaratasi. Unajua nilivipata wapi? Kwa jamaa anayefuga samaki wa urembo kwenye tangi la kioo. Wanaofuga samaki hupima nitrati kwa sababu ikizidi samaki wanadhoofika. Akanipa vitatu. Kimoja nikachovya kwenye maji ya chupa ya dukani: kikabaki cheupe. Cha pili kwenye maji ya kisima chetu: kikawa cha waridi iliyokolea, sio ile ya aibu aibu. Cha tatu nikarudia kisima, kusudi mtu asiniambie nimekosea. Waridi tena.

Sasa kabla hujaniambia "ni karatasi tu hiyo," kaa nikueleze hiyo karatasi inafanya nini. Ukiielewa, hakuna mtu atakayekudanganya tena.

Karatasi haiko kama unavyoiona. Ukiiangalia kwa darubini ni msitu wa nyuzi na vitundu. Ndiyo maana ukigusisha ncha yake kwenye maji, maji yanapanda yenyewe bila pampu. Wanaotengeneza vipimo wanaficha kemikali ndani ya vile vitundu na kuiacha ikauke. Maji yakiingia, yanabeba kila kilichoyeyuka ndani yake mpaka mlangoni kwa hiyo kemikali. Kama nitrati imo, inageuzwa kuwa nitriti, halafu nitriti inaungana na kemikali nyingine kutoa rangi ya waridi. Nitrati nyingi, rangi nzito. Nitrati kidogo, rangi nyepesi. Jicho lako linasoma mwanga unaorudi kutoka kwenye karatasi. Basi, umepima kitu ambacho ulimi usingekigundua mpaka kiama.

Kipimo cha mimba ni ndugu yake. Ndani ya kile kijiti kuna utando wenye vitundu, mkojo unatambaa humo, homoni ikiwepo inanaswa kwenye mstari na chembe ndogo sana zenye rangi. Kipimo cha malaria pale zahanati ni hivyo hivyo, ila chenyewe ni tone la damu. Kwa hivyo usiniambie teknolojia hii ni ngeni. Unayo kwenye droo.

Tena ni ya zamani. Ile kemia ya rangi ya waridi imetokana na kazi ya Peter Griess, mkemia Mjerumani aliyekuwa ameajiriwa kwenye kiwanda cha bia huko Uingereza katika karne ya 19. Ilikuwepo kabla hata reli haijaanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896. Reli ya kwanza imezeeka, tumejengewa ya pili, na bado kisima cha Mishomoroni kinapimwa kwa ulimi.

Wenzetu wa sayansi wameshaenda mbali. Mwaka 2007 kundi la George Whitesides wa Harvard lilionyesha unaweza kuchora njia ndani ya kipande cha karatasi, ukaongoza tone moja la maji liende vyumba kadhaa na kila chumba kipime kitu chake. Mwaka 1997 watafiti wa California walitumia silikoni, kile kile kinachotengeneza chipu za simu, iliyotobolewa vitundu vidogo mno, na wakaifanya ibadilishe rangi ya mwanga inaoakisi kitu kilichoyeyuka kikinaswa ndani.

Hiyo ya silikoni inasikika kama uchawi lakini umeshaiona. Mvua ikinyesha, nenda stejini ukaangalie dimbwi ambalo matatu imedondoshea mafuta. Unaona rangi za upinde? Mafuta yenyewe hayana rangi hizo. Mwanga mmoja unarudi kutoka juu ya utando wa mafuta, mwingine kutoka chini yake, ikikutana baadhi ya rangi zinakuzwa na nyingine zinauana. Badilisha utando kidogo tu, rangi inahama. Silikoni yenye vitundu ni utando wa namna hiyo. Kitu kikiingia vitunduni na kung'ang'ania kuta, mwanga unachelewa kidogo zaidi kupita humo, na rangi inahama. Na kuta ni nyingi ajabu: kipande cha sentimita moja ya ujazo kinaweza kuwa na mamia ya mita za mraba za kuta ndani yake. Hesabu kama makumi ya vyumba vya kupanga vya kumi kwa kumi vimekunjwa ndani ya kitu unachoweza kukibana kwa vidole viwili.

Sasa shuka chini, uangalie unaposimama. Sehemu kubwa ya huku kwetu pwani imekalia mwamba wa matumbawe na mchanga. Ukitaka kuujua huo mwamba gusa ukuta wa Fort Jesus, au tofali lolote la mawe ya hapa. Vitundu! Maji ya mvua yanapita humo, na maji ya choo cha shimo yanapita humo pia. Kwenye ploti yetu, kutoka choo mpaka kisima nimehesabu hatua 19. Mkojo na kinyesi vikioza ardhini vinatoa nitrati, nitrati inayeyuka kwenye maji, na mwamba unaipitisha bila hodi. Kwa hivyo vitundu ndivyo vinavyotuletea hii kitu. Na vitundu vya karatasi vinaweza kutuonyesha. Kilichokosekana katikati ni mtu wa kuchovya.

Na kwa nini nitrati inanitoa jasho? Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, na kikomo hicho kiliwekwa hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa kwa chupa. Mwilini mwa mtoto mchanga nitrati inageuka nitriti, nitriti inaharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Mtoto anakuwa kama anayekosa hewa huku anapumua. Midomo na kucha zinaingia rangi ya buluu. Na sasa sikiliza vizuri: kuchemsha hakuondoi nitrati. Unapochemsha maji yanapungua, nitrati inabaki, kwa hivyo unaikoleza. Dawa ya klorini inaua vijidudu, nitrati haiigusi. Mama alikuwa anafanya kila kitu alichofundishwa, na alichofundishwa hakikutosha.

Nilipomwonyesha kile kikaratasi aliniambia, "Mwanangu, maji haya yamekulea wewe na dada yako." Nikamjibu kwa adabu, "Mama, tulipokuwa wadogo ploti hii ilikuwa na vyumba vinne na choo kimoja. Leo vyumba 22." Akanyamaza. Jioni akamtuma mdogo wangu dukani kununua maji ya chupa ya mtoto. Mtoto yuko salama, alhamdulillah. Lakini kuna wachanga wengine wawili kwenye ploti hiyo hiyo, na mama zao hawana pesa ya chupa kila siku.

Nikaenda kwa mwenye nyumba. Shikamoo mzee, nikamwonyesha. Hakuuliza hata rangi hiyo maana yake nini. Aliniuliza, "Nani mwingine umemwonyesha?" Hapo ndipo nilipoelewa vita hii ni ya nini. Pesa ya vikaratasi ingepatikana. Shida ni kwamba rangi ikishaonekana, mtu lazima afanye jambo.

Usifikiri ni yeye peke yake. Miaka miwili iliyopita walikuja watu na vizibao vinavyong'aa, wakachota maji ya kisima chetu kwenye chupa ndogo, wakaandika namba, wakaondoka. Watoto waliwakimbilia kama gari la barafu. Majibu hatujayaona mpaka leo. Yapo mahali, kwenye faili, kwenye ripoti yenye picha ya kisima chetu kwenye jalada. Sisi tulikuwa picha.

Na hapa pwani tunajua vizuri majibu yakichelewa nini hutokea. Owino Uhuru, pale Mikindani, jirani na Changamwe. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuu za magari kupata risasi kilifanya kazi ubavuni mwa makazi ya watu kama 3,000 kuanzia mwaka 2007 mpaka kilipofungwa 2014. Risasi iliingia kwenye moshi, vumbi, udongo na maji. Haina rangi, haina harufu, ulimi hauijui. Unajua iligunduliwaje? Kwa damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa pale, mwanawe aliugua, akapimwa, ikaonekana ni risasi. Mama huyo akapigana, akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua. Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Soma hizo tarehe tena. Kutoka kiwanda kuanza mpaka neno la mwisho la mahakama ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa anakaribia kuchukua kitambulisho.

Hicho ndicho ninachotaka ukikamate, hata ukisahau mengine yote. Mahali pasipo na kipimo, haimaanishi hakuna kinachopima. Kinapima mtoto. Mwili wake unageuka ndio karatasi. Ananywa, anabadilika rangi, halafu sisi ndio tunasoma majibu.

Sasa najua komenti zinazokuja, wacha niwajibu mapema.

Wa kwanza: "Utatia watu hofu." Bana, hofu ipo tayari. Kila mvua kubwa ikinyesha tunaulizana kwenye gurupu za WhatsApp kama maji ni salama, na anayejibu ni mtu aliyetumiwa sauti na mtu. Rangi kwenye ubao, na tarehe yake, inatuliza kuliko sauti ya mtu usiyemjua.

Wa pili: "Wauza maji watakosa riziki." Hili nalichukua kwa uzito, nina rafiki anayesukuma mkokoteni na watoto wake wanakula kwa huo mkokoteni. Lakini yeye ndiye anayepakwa matope kila kipindupindu kikitokea, hata kama maji yake yalikuwa safi. Mwenye kisima kizuri hana njia ya kuthibitisha, anauza bei moja na mwenye kisima kibovu. Kipimo kitamlinda muuzaji mwaminifu. Anayepaswa kukiogopa ni mwingine.

Wa tatu, huyu ndiye mwenye hoja: "Vikaratasi haviaminiki." Nakubali nusu. Kikaratasi cha nitrati kinakupa kiasi cha kukadiria, si namba ya mahakamani. Joto la pwani na unyevu huu wetu unakiharibu ukikiacha wazi, lazima kikae kwenye kopo lililofungwa, na tarehe yake iangaliwe. Ukipiga picha kwa simu, taa ya manjano ya chumbani inadanganya kamera, kwa hivyo weka kadi ya rangi kando yake na upige mchana kivulini. Halafu risasi ni habari nyingine kabisa. Kikomo chake ni miligramu 0.01 kwa lita. Kwenye mtungi mzima wa lita 20 hiyo ni miligramu 0.2, uzito wa punje tatu nne za chumvi ya mezani. Kikaratasi cha bei ya chini mara nyingi hakioni kitu kidogo hivyo. Hiyo inataka maabara.

Na vijidudu vya kipindupindu si kitu kilichoyeyuka, kwa hivyo kikaratasi cha nitrati kikibaki cheupe usitangaze kwamba maji yamepona. Endelea kuchemsha.

Lakini hebu ona ujanja wa hiyo hoja. "Haviaminiki" inatumika kutuacha na ulimi. Yaani kipimo kinachokosea kidogo kinakataliwa, ili tubaki na kisichojua chochote. Kikaratasi ni kama mbwa wa geti. Hakwambii jina la mwizi, lakini akibweka unawasha taa.

Na nyinyi wenzangu wa teknolojia, msifikiri nimewasahau. Kila mwaka kuna shindano, vijana wanashinda kwa kifaa cha kupima maji, wanapigwa picha na hundi kubwa ya kadibodi, halafu kifaa kinaishia kabatini. Nishachoka na programu za simu ambazo majibu yake yako kwenye simu ya aliyeitengeneza. Rangi isiyobandikwa penye maji haijamsaidia mtu. Kabla hujaongeza silikoni na leza, hakikisha shoshi wa Mtongwe anayechota maji saa kumi na moja alfajiri anaona majibu bila bando.

Kwa hivyo ninataka nini? Mambo matatu, na yote yanawezekana mwaka huu.

Moja: kila kisima kinachouza maji au kuhudumia ploti kipimwe kwa kikaratasi mara moja kila mwezi, na kila baada ya mvua kubwa. Kikaratasi chenyewe kibandikwe kwenye ubao karibu na mfereji, na tarehe, na kadi ya rangi kando. Nyeupe, waridi nyepesi, waridi nzito. Mtoto wa darasa la tatu atasoma.

Mbili: kikibweka, kaunti ilete maabara. Na visima vilivyo karibu na viwanda, magereji na majaa ya taka vipelekwe maabara hata kama kikaratasi ni cheupe, kwa ajili ya risasi na jamaa zake. Majibu yarudi kwenye ubao ule ule. Wakati yanasubiriwa, ploti zenye watoto wachanga zipelekewe maji mengine.

Tatu: sampuli yoyote iliyochukuliwa kwetu ni yetu. Katiba ya 2010 kifungu cha 43 kinatupa haki ya maji safi na salama. Kifungu cha 35 kinatupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu ombi la maandishi, na saa 48 kama habari hiyo inahusu uhai wa mtu. Siku 21! Sisi tumesubiri miaka miwili kwa sababu hakuna aliyetuambia tunaweza kuandika barua.

Barua yetu nimeshaiandika. Ukurasa mmoja, majina 31 ya ploti yetu na ya jirani, akiwemo mama. Aliweka sahihi ya kwanza. Mwenye nyumba hajaweka, lakini wiki iliyopita nilimkuta amesimama kisimani, anahesabu hatua kuelekea chooni. Sikumsemesha. Nilimwacha ahesabu.

Wewe uliye Shika Adabu, Chaani, Bombolulu, Utange: toka nje sasa hivi ukahesabu hatua zako. Niandikie namba kwenye komenti na jina la mtaa, na mtag MCA wako aione. Na leo jioni mkokoteni ukipita, usiulize kama ni matamu. Uliza yamepimwa lini.